Kazi ya Mwenye Gari na Kazi ya Fundi



Maneno yetu ya leo yanawahusu wenye magari, na wale waliokabidhiwa magari ya watu, khasa katika mitaa ya Ng'ambo kama Jang'ombe, ambako gari moja aghalabu hulisha nyumba nzima. Asubuhi lapeleka watoto skuli, mchana lafanya teksi, jioni lachukua samaki na matunda kutoka shamba. Gari kama hilo likilala siku tatu, na sufuria jikoni italala. Tena likikosa breki mbele ya watoto wanaotoka chuoni, hasara yake haihesabiki kwa shilingi. Kwa hivyo tumeona yafaa kueleza mambo mawili: ni kazi gani mwenye gari aifanye kwa mkono wake, na ni wakati gani aweke spana chini akamwite fundi.

Watu wengi huupima mpaka huu kwa mfuko. Kazi ikiwa ya bei ndogo humpa fundi, na ikiwa ya bei kubwa huijaribu wenyewe au huiacha mpaka mwezi ujao. Kipimo hicho chapotosha, kwani kazi za bei kubwa ndizo aghalabu zenye hatari. Kipimo kilicho bora ni hiki. Kitu unachoweza kukiona, kukisafisha na kukijaza, hicho ni chako. Kitu ulichokijaza, kisha kikapungua tena pasipo sababu unayoijua, hicho kimekwisha kuwa cha fundi. Na kila kinachosimamisha gari au kuligeuza ni cha fundi tangu mwanzo, ijapokuwa wewe ndiye mwenye kukiangalia kila siku.

Sharti kwanza tufahamu gari la Unguja laishi maisha gani. Mengi ya magari yetu ya leo huletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, nayo yatufaa kwa kuwa huko pia watu huendesha upande wa kushoto. Ila kitabu cha gari, kama kimekuja nalo, kimeandikwa Kijapani, na hesabu zake ni za kilometa: badili oili kila kilometa kadhaa, badili hiki kila kilometa kadhaa. Kisiwa chetu urefu wake, kutoka kaskazini hata kusini, ni kiasi cha kilometa 85 tu. Mtu wa Jang'ombe aendaye Darajani na kurudi mara nne kwa siku, mwezi ukiisha atakuwa hajapata kilometa nyingi, naye atadhani gari lake limepumzika. Mambo ni kinyume chake. Petroli ikiungua ndani ya injini hutoa mvuke wa maji. Injini iliyopata moto sawasawa huutoa mvuke huo nje, lakini injini iwashwayo na kuzimwa kabla ya kupata moto huubakiza ndani, ukachanganyika na oili, pamoja na petroli kidogo isiyoungua. Oili hiyo hupoteza nguvu yake kabla kilometa za kitabuni hazijatimia. Hata watengenezaji wa magari wenyewe huzihesabu safari fupi fupi kuwa ni matumizi mazito. Kwa hivyo mtu wa mjini na ahesabu miezi: oili na chujio lake vibadilishwe kila miezi sita, au kila kilometa 5,000, lolote litakalotangulia. Na mara moja kwa juma gari lipewe safari ya haja, hata Chwaka, injini ipate moto kweli kweli na betri ijazwe, kwani stata hunywa umeme mwingi kwa kitambo kidogo, na safari ya kwenda sokoni haiurudishi wote.

Kuitazama oili ni kazi ya dakika mbili, nayo ni ya mwenye gari. Lisimamishe gari mahali palipo sawa, zima injini, ngoja kidogo oili ishuke, chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa, kitie tena mpaka mwisho, kisha ukichomoe utazame. Oili iwe baina ya alama mbili. Ukijaza kupita alama ya juu umeharibu vilevile. Rangi nyeusi pekee si ugonjwa, kwani oili yenye kufanya kazi yake huchukua masizi. Ama ukiona imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Usiiwashe injini tena, mwite fundi. Na ikiwa kila mara wajaza na kila mara yapungua, pengine pamoja na moshi wa rangi ya samawati nyuma, fahamu kwamba yaungua au yavuja, na kuendelea kununua galoni dukani ni kuchelewesha tu siku ya fundi. Ipo pia taa nyekundu ya oili, yenye sura ya birika dogo. Taa hiyo ikiwaka nawe uko njiani, haina maana ya "utakapofika." Maana yake ni kwamba oili haisukumwi tena katikati ya vyuma vinavyosuguana. Simama pembeni, zima. Dakika chache za ukaidi zatosha kuiua injini nzima.

Sasa tuje kwenye rejeta, ambayo ndiyo inayoonewa zaidi katika mji wetu. Bibi yeyote wa Unguja akitazama ndani ya birika lake la kuchemshia maji ataona gamba jeupe. Gamba hilo ni chokaa. Maji yetu hutoka katika ardhi ya mawe ya matumbawe, nayo hubeba chokaa, na visima vilivyo karibu na pwani huongeza na chumvi juu yake. Maji hayo hayo ya bomba au ya kisima ndiyo ambayo dereva, akiwa na haraka, huyamimina rejetani. Mabomba ya ndani ya rejeta ni membamba sana. Gamba kidogo tu huyaziba, na chumvi huvila vyuma. Hapo tena gari lapata homa kila likipanda na abiria, na mwenyewe huongeza maji yale yale, akiongeza maradhi kwa kudhani ni dawa. Rejeta yataka kulanti, yaani maji maalumu yenye dawa ya kuzuia kutu, ya aina iliyoandikwa kwa gari lako. Ikikosekana kwa dharura, maji safi yasiyo na chumvi wala chokaa ni afadhali, na maji ya mvua yaliyokingwa safi yapita ya kisima. Lakini hayo ni ya kufikia gereji tu.

Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa na moto. Tunalikariri neno hili kwa sababu mikono na nyuso za watu zimekwisha kuungua kwalo. Maji katika sufuria isiyo na mfuniko huchemka kwa joto la nyuzi 100. Ndani ya rejeta yamebanwa kwa nguvu, hata yaweza kufika kiasi cha nyuzi 120 bila ya kuchemka. Ukifungua kifuniko wakati huo, kile kilichoyazuia kimeondoka, na yote hugeuka mvuke kwa mara moja na kukurukia. Sindano ya joto ikipanda, zima kiyoyozi, tafuta mahali pa kusimama, zima injini, na ungoje nusu saa au zaidi, mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja bila ya kuungua. Wala usimwage maji baridi juu ya injini yenye moto, kwani chuma chaweza kupasuka kama gilasi.

Ukijaza kulanti leo na kesho kutwa imepungua, usijaze mara ya tatu kabla ya kuuliza inakokwenda. Na kuna njia nyepesi ya kujua, isiyotaka fundi. Usiku tandika boksi la karatasi lililokunjuliwa chini ya gari, na asubuhi ulitazame. Doa la kijani au la waridi ni kulanti. Doa jeusi au la kahawia ni oili ya injini. Jekundu aghalabu ni mafuta ya gia za otomatiki au ya usukani. Maji matupu yasiyo na rangi, upande wa mbele baada ya kutumia kiyoyozi, si ubovu. Ama ukiona doa jepesi la manjano au lisilo na rangi, lenye utelezi, karibu na gurudumu, hayo huenda ni mafuta ya breki, na gari hilo lisiendeshwe hata mpaka barabarani. Fundi na alifuate lilipo. Na kulanti iliyomwagika isiachwe chini. Nyingi zake ni sumu zenye utamu, na paka wa mtaani huilamba, na mtoto mchanga vilevile.

Adui mwingine wa gari la kisiwani ni chumvi. Upepo wa kaskazi na wa kusi wote wapita baharini kabla ya kutufikia. Juu ya hayo sisi wenyewe twaongeza. Gari lililopakia samaki na barafu lamwaga maji ya chumvi sakafuni njia nzima; lile lililochukua mwani kutoka Paje au Jambiani hubaki na chumvi katika kila pembe; na wapo wanaopenda kuliosha gari ufukweni, jambo ambalo ni kama kuuosha mguu wenye kidonda kwa ndimu. Tena baadhi ya magari yanayokuja yalikuwa katika sehemu za baridi za Japani, ambako barabara hutiwa chumvi wakati wa theluji, nayo hushuka bandarini kutu ikiwa imekwisha kuanza chini kwa chini, huku rangi ya juu yang'ara. Anayenunua gari na ainame atazame chini yake kabla ya kutazama viti.

Dawa ya chumvi ni maji matamu, na kazi hii haina fundi. Kila baada ya kazi ya samaki au safari ya pwani, osha chini ya gari na ndani ya matao ya magurudumu, kisha liache likauke. Vitundu vidogo vilivyo chini ya milango visizibwe na uchafu, kwani ndipo maji yanapotokea. Kutu ya juu juu, isuguliwe mpaka chuma kionekane, ipakwe rangi ya kuzuia kutu. Lakini chukua bisibisi, udukue taratibu kwenye chesisi na pale zinaposhikiwa springi na shokamzoba. Bisibisi ikizama, hiyo ni kazi ya fundi wa kuchomea, achome chuma kipya kizima. Kuna desturi mbaya ya kujaza palipooza kwa pati na kupaka rangi ili gari lipite au liuzwe. Mwenye kufanya hivyo amemuuzia mwenziwe jeneza lenye magurudumu, na sitalitafutia neno la upole zaidi.

Vichwa vya betri pia hushikwa na unga mweupe au wa kijani. Uondoe kwa maji ya moto na mswaki mkuukuu, ukifungua waya wa hasi kwanza na kuurudisha mwisho, kisha upake mafuta mazito kidogo. Usivute sigara hapo, maana betri ikijazwa hutoa hewa inayolipuka. Betri iliyopumzika usiku yapaswa kuonyesha kiasi cha volti 12.6. Ikiwa gari limeachwa vizuri jioni na asubuhi stata inakoroma, na jambo hili likarudi baada ya betri kujazwa, kanuni yetu ya mwanzo yasimama hapa pia: mwache fundi wa umeme apime betri na alteneta kabla hujanunua kimojawapo kwa kubahatisha.

Wakati wa masika, mitaa ya mabondeni ya Ng'ambo hushika maji kwa saa nyingi, na madereva hushindana nani atapita. Injini huvuta hewa kama mtu avutavyo pumzi, na katika magari mengi madogo pua yake haiko juu sana. Ikivuta maji, pistoni hupanda ikutane na kitu kisichobanika. Hewa hubanika, maji hayabanikwi, basi kinachopinda ni mikono ya chuma ya injini. Maji yakifika nusu ya gurudumu, geuka. Na kama gari limezimika ndani ya maji, usiliwashe. Mara nyingi injini huvunjika pale mtu anapojaribu kuliwasha tena ili asionekane ameshindwa, wala si pale lilipozimika. Lisukumwe mpaka pakavu, fundi afungue plagi, atoe maji, atazame oili na chujio la hewa. Ukiwa umepita kwenye dimbwi salama, kanyaga breki kidogo kidogo mara kadhaa zikauke kabla ya kuzitegemea.

Habari za tairi watu wengi wazijua. Pima upepo tairi zikiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Meno ya tairi yakiwa chini ya milimita 1.6, tairi imekwisha. Ila tazama na umri wake: ubavuni mna tarakimu nne, mathalan 2319, maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Tairi ya zamani hukauka na kupasuka hata kama meno yake ni mazima. Ikilika upande mmoja tu, si kosa la tairi. Fundi atazame usukani na miguu ya gari.

Ama breki. Tumeziweka nyuma ili mzikumbuke. Mwenye gari kazi yake ni kusikiliza, kuhisi na kutazama chupa ya mafuta yake chini ya boneti. Mlio mwembamba kila ukikanyaga waonya kwamba pedi zinakaribia kuisha. Mlio wa chuma kukwaruza chuma maana yake zimekwisha. Gari likivuta upande mmoja ukifunga breki, au pedeli ikitetemeka, mwone fundi siku hiyo. Pedeli ikizama polepole chini ya mguu, au ikiwa laini kama yakanyaga godoro, gari lisiondoke. Wako wanaosema, "Nikikanyaga mara mbili zashika." Hiyo ya pili ndiyo itakayokosekana.

Mafuta ya breki yana tabia moja isiyojulikana na wengi: hunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya kisiwa chetu ina unyevu mwaka mzima. Aina iitwayo DOT 3 ikiwa mpya haichemki kabla ya kufika nyuzi 205. Ikiisha kunywa maji, kiwango chake chaweza kushuka mpaka nyuzi 140. Dereva wa daladala anayesimama kila kituo huzipasha breki zake moto siku nzima, na mafuta yakichemka huwa na mapovu, na mapovu hubanika, basi pedeli huenda chini mtupu. Mafuta hayo na yabadilishwe yote kila miaka miwili, na fundi mwenye kujua kutoa hewa katika mabomba. Chupa ikipungua, usiijaze na kunyamaza. Ama pedi zimelika, ama pana uvujaji, na yote mawili yataka gurudumu lifunguliwe.

Zipo kazi nyingine tatu ambazo hata mtu mwenye mkono mwepesi asizijaribu. Asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake; pasipo stendi madhubuti, akae nje. Asiguse nyaya zenye rangi ya machungwa katika magari yanayotumia petroli na umeme pamoja, kwani umeme wake wapita volti 200 na huua. Wala asifungue usukani wenye mfuko wa hewa ndani yake.

Ukimwendea fundi, mwelezee dalili, usimwamrishe dawa. Badala ya kusema "nibadilishie plagi," mwambie: latetemeka asubuhi likiwa baridi, likipata moto latulia, na lilianza baada ya mvua ya Ijumaa. Taa ya njano ya injini ikiwaka pasipo kumetameta, waweza kwenda taratibu mpaka gereji; ikimetameta, punguza mwendo na usimame, kwani petroli isiyoungua yaingia katika ekzosi. Fundi mwenye mashine ya kusomea atakupa namba. Namba hiyo huonyesha mahali penye malalamiko, haisemi ununue nini, na fundi anayebadili kifaa kwa kusoma namba tu pasipo kupima anakutoza fedha za kubahatisha kwake. Afadhali fundi wa chini ya mwembe anayepima kuliko mwenye jengo zuri asiyepima. Omba kifaa kikuukuu ukione. Andika katika daftari tarehe, kilometa na kilichofanywa, kwa kuwa fundi wa pili atalihitaji daftari hilo kuliko maneno yako.

Ukilipokea gari baada ya kazi ya breki au magurudumu, kabla ya kuondoka kanyaga pedeli mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kisha ulijaribu kwa mwendo mdogo mahali pasipo na watu. Na nati za magurudumu zikazwe tena baada ya kilometa 50 au 100. Safari moja ya kwenda Makunduchi na kurudi yatosha kwa hesabu hiyo, basi ukifika nyumbani toa spana kabla hujaingia ndani.